Koti la mpira, poncho au koti la utando: la kupandia mlima na la kuingilia porini

Simama pembeni ya geti la Machame, la kupandia Kilimanjaro, asubuhi ya mvua, utaona maonyesho ya mavazi bila kulipa kiingilio. Mgeni amevaa koti jembamba linalong'aa, ambalo bei yake ingesomesha mtoto muhula mzima. Nyuma yake mgumu (ndivyo tunavyowaita wapagazi huku mlimani) amejitupia poncho ya nailoni juu ya kichwa na mzigo kwa pamoja. Mpishi ana koti la mpira la njano, lile la wavuvi. Na mzee wa kijijini anayekatiza kwenda kwenye migomba yake ana mwavuli mweusi wenye waya mmoja uliovunjika. Baada ya saa mbili, ukiwapapasa wote migongoni, mkavu kuliko wenzake ni yule mzee.

Nimeongoza wageni Kilimanjaro kwa miaka kadhaa, na kabla ya hapo nilikuwa kijana wa kambi katika kitalu cha uwindaji upande wa kusini. Mvua za sehemu hizo mbili hazifanani, na makoti yake hayafanani. Mtu akiniuliza anunue koti gani la mvua, huwa namrudishia swali: ukishalivaa, utakuwa unafanya nini? Unapanda mlima na begi mgongoni? Umekaa unamsubiri mnyama? Unanyata? Kuzuia maji ya mawinguni hata kipande cha turubai kinaweza. Kazi iko kwenye maji yako mwenyewe: hilo jasho litatokea wapi?

Koti la mpira

Hili ndilo la bei nafuu na ndilo linalodharauliwa bila haki. Linauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na ya wavuvi. Haliogopi miiba wala moshi wa jikoni, wala kutupwa nyuma ya Land Cruiser pamoja na jeki na madumu. Likichanika unaliziba kwa gundi na kiraka cha tyubu ya baiskeli. Maji hayapiti, hata ukilikalia kwenye tope nusu siku.

Ubaya wake unaanza ukianza kupanda. Halitoi mvuke hata chembe. Kwenye msitu wa Machame, baada ya saa moja, shati la ndani linakuwa limelowa kama vile hukuvaa koti kabisa, tofauti ni kwamba maji haya yana chumvi. Ukiwa unatembea hujali, kwa sababu mwili unafanya kazi na una joto. Balaa linakuja unapofika kambini, kwenye mita kama 3,000, jua linazama na wewe umesimama unasubiri hema. Maji hunyonya joto la mwili upesi mara 25 hivi kuliko hewa. Nimeona kijana mwenye mapaja kama gogo akitetemeka mpaka kijiko kinagonga kikombe, na mvua ilikuwa imeshakatika zamani. Jasho tu.

Kwa hiyo koti la mpira ni la mtu anayesimama au anayekaa: mpishi, mlinzi wa kambi, dereva, mvuvi, mtu aliye juu ya dungu. Kwa mtu anayepanda, hapana.

Koti la utando

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo fedha za watu zinapopotelea.

Utando ni tabaka jembamba sana lililobandikwa ndani ya kitambaa cha nje. Maarufu kuliko zote ni Gore-Tex. Umetokana na plastiki ileile ya kwenye vikaango visivyogandisha chakula. Mwaka 1969 Bob Gore wa Marekani aliivuta kwa ghafla ikiwa ya moto, ikatanuka na kubaki na vitundu vidogo mno. Tone la maji ni kubwa, halipiti. Mvuke wa jasho unapita. Siku hizi zipo tando nyingi za namna hiyo, nyingine za aina ya plastiki iitwayo poliyurethani, ambazo ni rahisi zaidi.

Jambo ambalo muuzaji hatakwambia ni kwamba mvuke hautoki kwa hiari yake. Unasukumwa. Unatoka kwenye joto na unyevu mwingi kwenda kwenye baridi na ukavu. Ndani ya koti kukiwa na joto na nje kukiwa na baridi, utando unafanya kazi vizuri. Nje kukiwa na joto na unyevu kama ndani, mvuke hauna pa kukimbilia. Sasa fikiria msitu wa upande wa kusini wa Kilimanjaro, kule juu kidogo ya vijiji, ambako mvua kwa mwaka huzidi milimita 2,000: hewa yenyewe imeshiba maji, majani yanadondosha, na wewe unapanda ngazi za udongo. Koti la bei mbaya pale linalizidi la mpira kwa kiasi kidogo sana. Mgeni anavua, anatazama jasho limetanda ndani, anadhani limevuja na anataka kurudishiwa fedha zake. Halijavuja.

Lakini panda naye. Joto hushuka kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo kutoka getini mpaka Shira, mita 3,840, umeshapoteza nyuzi zipatazo 12. Upepo umeingia na ukungu unapita mlalo. Hapo koti lile linaanza kulipa deni. Na usiku wa kwenda kileleni, kutoka kambi ya Barafu mpaka kilele cha Uhuru, mita 5,895, mvua mara nyingi imekwisha kuwa theluji kavu na unachohitaji ni kizuia upepo kisichokulowesha kwa ndani. Koti la mpira huko linakakamaa kama bati.

Tazama zipu za kwapani kabla hujatazama jina la kampuni. Zipu mbili za sentimita 25 au 30 chini ya makwapa zinatoa joto kuliko utando wowote, na zinafanya kazi hata msituni. Kati ya koti lenye jina kubwa lisilo na zipu za kwapani na lisilojulikana lenye nazo, mimi nachukua la pili.

Namba za kwenye lebo nazo zina maana yake. Ukiona 10,000 mm, ni urefu wa nguzo ya maji ambayo kitambaa kilistahimili kabla ya kupenyeza, yaani mita 10. Kwa mvua ya kutembea inatosha. Ila mkanda wa begi ukikandamiza bega, au ukipiga goti kwenye majani yaliyolowa, msukumo unakuwa mkubwa mno kuliko wa mvua yenyewe. Kwa mlima wenye siku sita au saba za begi natafuta 20,000.

Halafu kuna dawa ya nje, ile inayofanya matone yaviringike kama kwenye jani la gimbi. Hiyo huisha. Ikiisha, kitambaa cha nje kinakunywa maji, kinakuwa kizito na cha baridi, na mvuke wa ndani unakwama ingawa utando ni mzima. Watu wengi hulitupa koti katika hatua hii, kumbe linahitaji kufuliwa tu: sabuni ya maji kidogo, bila kilainisho, suuza mara tatu, anika kivulini. Likikauka, pitisha pasi ya umeme yenye moto mdogo juu ya kitambaa kingine, dawa itaamka kidogo. Pasi ya mkaa msijaribu. Nimeona zipu ikiyeyuka. Ikishindikana, zipo dawa za kupulizia. Na kwa kuwa watengenezaji wengi wameacha dawa za zamani zenye kemikali zisizooza, hizi mpya hukerwa mapema na uchafu na mafuta ya mwili, kwa hiyo koti jipya linahitaji kufuliwa mara nyingi kuliko la zamani.

Poncho

Wagumu wanaipenda na wana sababu. Inafunika mtu na mzigo wake. Hewa inaingia kwa chini, kwa hiyo jasho halikai. Inakunjika ikawa ndogo kama kitenge, na ukiifunga kwenye miti inakuwa kibanda cha kulia chakula. Bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya koti.

Ukitoka msituni tu, upepo unaigeuza bendera. Kwenye ukuta wa Barranco, ambako unahitaji mikono na unahitaji kuona unapokanyaga, poncho ni hatari kabisa. Nawaambia wageni waivue na kuitia begini kabla hatujaanza kushika mawe. Pia haina mikono, kwa hiyo ukishika fimbo za kutembelea maji yanatiririka mpaka kwenye viwiko.

Kwa mwindaji aliyekaa, hakuna kitu kizuri kuliko hiki. Inafunika bunduki, mfuko wa darubini na magoti kwa pamoja, na ukihitaji kuinua silaha unaifunua kama shuka.

Mwavuli

Usicheke. Kuanzia geti la Marangu mpaka karibu na kambi ya Mandara, mita 2,720, njia ni pana na miti inakata upepo. Mwavuli unakuacha mkavu na jasho linajiendea zake. Wamachame na Wamarangu wanalima miteremko ile tangu enzi na enzi, na kama si mwavuli ni jani la mgomba. Ukipita Mandara, ufunge. Kwa kuwindia haufai: unashika mkono mmoja, na unapofunguka unasema "pwaa!" mpaka bonde la pili.

Nta na sufu, za wenzetu wa Ulaya

Ndugu walioko Uingereza, Ujerumani au Austria wanaokwenda kuwinda na wenyeji wao watakutana na vitu viwili visivyo na plastiki. Cha kwanza ni koti la pamba lililopakwa nta; Barbour wa South Shields wako kwenye biashara tangu 1894. Linanyamaza, miiba haiingii, na likizeeka unalipaka nta upya. Cha pili ni loden, sufu iliyopigwa na kubanwa ya nchi za milima ya Alps, ambayo hustahimili manyunyu kwa saa nyingi na inanyamaza kuliko kitu chochote nilichowahi kugusa. Mgeni mmoja Mwaustria alikuja nalo kitaluni. Mwezi wa Novemba, jua la saa sita! Alilivaa siku moja, siku ya pili akalikunja akalifanya mto.

Koti la nta nalo kwa joto letu linalainika na kunata, na harufu yake inasafiri na upepo. Yaacheni huko huko kwenye baridi yake.

Porini: masikio, macho na mbung'o

Msimu wa uwindaji wa kitalii Tanzania huanza Julai, kiangazi, na miezi ya mwanzo koti la mvua linabaki chini ya sanduku. Vuli ikishaanza, mambo yanabadilika. (Wasomaji wa Kenya, kwenu uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, chukueni ya mlimani mwende nayo Mlima Kenya. Mkipita Naro Moru mtakutana na kile kinamasi kilichosimama kama ukuta, na mtanikumbuka.)

Mvua ya kwanza ya vuli nikiwa kitaluni, nilijivunia koti langu la utando nililolipata kwenye mitumba. Tulikuwa tunafuata nyayo za nyati wawili, mbele ni mzee mfuatiliaji, mimi nyuma na maji ya kunywa. Kila nikichukua hatua, mkono unasugua ubavu: shwii, shwii. Mimi sikusikia kitu. Mzee alisimama, akageuka, akaninong'oneza, "Kijana wangu, vua hilo koti. Linaongea kuliko wewe." Nikalivua, nikalitundika kwenye mti wa mkambala, tukaendelea na mvua migongoni. Yeye mwenyewe alikuwa na shati la pamba tu, limemganda mwilini. Baada ya dakika 40 mvua ilikatika, na kabla ya saa nzima kupita wote wawili tulikuwa tumekauka.

Siku ile nilielewa kwa nini wafuatiliaji hawana makoti, na haikuwa kwa umaskini peke yake. Kwenye nyika ya joto, ngozi iliyolowa inakauka; koti linalolia halitulii. Makoti yenye kitambaa laini cha nje, kama manyoya ya kondoo yaliyonyolewa, yapo na yananyamaza vizuri. Lakini ni mazito, yanachemsha, na yakilowa yanachukua siku nzima kukauka. Kwa Tanzania ushauri wangu ni huu: ukinyata, lowa. Ukikaa, poncho. Koti la utando liache kwenye gari kwa ajili ya safari ya kurudi kambini nyuma ya pikapu, pale upepo unapokukuta umelowa.

Rangi nayo ina mambo yake. Mbung'o, ambao wengine huwaita ndorobo, wanavutwa na bluu na nyeusi. Mitego ya kuwanasa hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo. Sasa mtu anakuja Selous au Katavi na koti zuri la bluu, kisha anauliza kwa nini wanamfuata yeye peke yake. Chukua kahawia, kaki au kijani kilichofifia. Na mabakamabaka ya kijeshi usilete kabisa: Tanzania ni kosa raia kuvaa mavazi yanayofanana na sare za jeshi, na Uganda hivyo hivyo. Askari wa barabarani hatajali kwamba lebo yako inasema ni ya kuwindia bata. Ulaya na Marekani, kinyume chake, sehemu nyingi zinataka uvae rangi ya chungwa inayowaka ili mwenzako asikudhanie mnyama, basi ulizia sheria za pale kabla hujanunua koti la kijani tupu.

Ukienda mitumbani

Wengi wetu koti la utando tunalipata pale, Memorial hapa Moshi, Karume Dar, Gikomba Nairobi. Lipo zuri na lipo maiti. Usidanganywe na jina kifuani.

Ligeuze ndani nje. Tazama mishono: kila mmoja uwe umefunikwa na utepe mwembamba usiobanduka popote. Hasa mabegani na kwenye kofia. Kwaruza tabaka la ndani kwa ukucha. Likitoa unga mweupe au magamba kama ya mjusi, liache, hilo limekwisha kuoza na hakuna dawa. Linuse pia. Poliyurethani iliyooza inanuka kama matapishi ya mtoto, na harufu hiyo haifuliki. Kisha weka kitambaa mdomoni uvute pumzi kwa nguvu: hewa isipite. Mwisho, bonyeza kitambaa cha bega kiwe kama kibakuli, mimina maji ya chupa, subiri dakika tano huku ukipiga stori. Muuzaji mmoja aliwahi kuniuliza, "Braza, unanunua koti au unachimba bwawa?" Alicheka, nami nikacheka, na maji yalikuwa yameshatokeza upande wa pili.

Haya nimeyajifunza kwa gharama. Mwaka wangu wa pili nilikodi koti kwenye duka moja la mjini, usiku, harakaharaka, sikuligeuza. Juu ya kambi ya Barafu mvua ya barafu ikatupata. Utepe wa mabegani ulikuwa umebanduka wote. Nilifika Stella Point, mita 5,756, bega la kushoto limeganda, na nikamwacha mgeni wangu na msaidizi wangu wamalizie ile saa moja ya mwisho bila mimi. Mgeni alinitumia picha ya kileleni. Simo.

Vilivyobaki, kwa ufupi

Suruali ya mvua iwe na zipu ndefu pembeni, uweze kuivaa bila kuvua buti. Kwa Ruwenzori, iwe umeingilia Uganda au Kongo, sahau ubishi wa buti: kule Bakonzo wanaoongoza watu wanavaa gambuti na wewe vaa gambuti, tope linafika magotini. Jinzi usivae popote penye baridi na mvua.

Mfuniko wa begi pekee hautoshi, upepo unauvua na maji yanaingilia mgongoni. Zamani tulikuwa tunatia nguo kwenye mifuko ya rambo, ile ya plastiki. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko hiyo ni marufuku Tanzania, na Kenya walitangulia 2017, kwa hiyo mgeni asije nayo hata kwa nia njema. Tumia mfuko mgumu wa kukunja mdomo, au kiroba kilichoshonewa turubai ndani. Fundi yeyote wa cherehani anakushonea kwa siku moja. Begi la kulalia ndilo linaloingia humo kwanza, kisha soksi kavu.

Begi langu la mlimani sasa lina koti la utando la kijani lenye zipu za kwapani, suruali ya mvua, na mwavuli mdogo niliouficha ubavuni. Wageni wananicheka mpaka Mandara.